Uzi maalumu: Wiski za moshi za Islay. Kunusa, maji, ppm na makosa yanayoua glasi

KimeaMkavu (mleta uzi)

Wakuu, wiski ya moshi ya Islay, kile kisiwa cha Scotland, wengi huikimbia kwenye funda la kwanza. Mara nyingi kosa si la wiski. Imemiminwa kwenye glasi pana, barafu juu, mtu kaivuta kwa pumzi moja ndefu, kaimeza. Ukifanya hivyo unaambulia Dettol na majivu, basi. Ndimu, asali, peasi, chumvi na kahawa vilivyo chini ya moshi havitoki kwa fujo.

Kwanza tuelewane. Singo molti ya Scotland ni wiski ya kiwanda kimoja, ya kimea cha shayiri peke yake, iliyokenekwa (kuchemshwa na mvuke wake kupozwa) kwenye mitungi ya shaba, ikalala hukohuko Scotland miaka 3 au zaidi kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700. Kwenye chupa haishuki chini ya asilimia 40 ya alkoholi. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli, kwa hiyo weusi wa wiski usiuchukulie kama ushahidi wa umri.

Moshi hauingizwi mwishoni, unaingia kwenye kimea. Shayiri hulowekwa hadi karibu asilimia 45 yake iwe maji, ikaachwa iote, halafu hupelekwa kwenye tanuru na kukaushwa juu ya moto wa piti, ule udongo mweusi wa kinamasi uliotokana na mimea iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka. Ganda la punje hushika moshi likiwa bado na unyevu. Likikauka halishiki tena. Ndiyo maana piti huchomwa mwanzoni, tena kwa kufukizwa bila ndimi za moto, na hewa ya moto tupu humalizia kazi mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 4 au 5.

Sasa kuonja. Tafuta glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Glencairn ndiyo iliyozoeleka, ila glasi ndogo ya mvinyo inafanya kazi ileile. Mimina mililita 20. Funika kwa kisosi na uiache dakika 10.

Ukifunua, usiingize pua ndani. Shika glasi usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo, uache harufu ije yenyewe. Halafu ipandishe hadi kwenye mdomo wa juu, vuta pumzi tatu fupi, iondoe nusu dakika. Pua huchoka na fenoli, zile kemikali za harufu ya moshi, upesi sana: ukikaa dakika mbili mfululizo utadhani moshi umeisha, kumbe wewe ndiye umeisha. Dawa yake ni kunusa kiwiko chako au kitambaa cha shati ulilovaa, kisha kurudi.

Funda la kwanza liwe dogo, nusu kijiko cha chai. Hilo ni la kuamsha ulimi tu, usilitolee hukumu. La pili lizungushe mdomoni sekunde 10, meza, funga mdomo, kisha toa pumzi kwa puani taratibu. Hapo ndipo moshi wenyewe unapofika, kwa mlango wa nyuma. Wanaosema "sisikii moshi ila naungua" mara nyingi wamemeza wakafungua mdomo.

Baada ya hapo ndiyo maji. Nitaliacha wenzangu walijadili kwanza maana najua kuna watakaopiga kelele.

BatiMoja

Mkuu asante. Swali la ppm (sehemu kwa kila milioni, ile namba ya moshi). Ardbeg wanasema 55, kuna Octomore moja, nayo ya Islay, ilifika 309. Je, hiyo ina moshi mara tano na zaidi? Na kama ni hivyo mtu anainywaje?

PipaTupu

@BatiMoja hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapotapeliwa na namba.

Hiyo ppm ni fenoli zilizopimwa kwenye kimea kikavu, kabla hakijasagwa. Haijapimwa kwenye wiski. Kutoka hapo hadi kwenye glasi kuna safari. Kimea kikisagwa na kuchanganywa na maji ya moto, sehemu ya fenoli inabaki kwenye machicha yanayoenda kwa ng'ombe. Kwenye mtungi, nyingine inabaki chini. Kisha pipa nalo linakula mwaka hadi mwaka.

Tena kinachoamua zaidi ni mahali mkenekaji anapokata. Pombe ikitoka kwenye mtungi wa pili ina kichwa, moyo na mkia. Kinachowekwa kwenye pipa ni moyo tu. Fenoli nzito huja kwa kuchelewa, kuelekea mkiani. Anayekata mapema anapata pombe safi, ya matunda, yenye moshi mwepesi hata kama kimea chake kilikuwa kizito. Anayesubiri anapata lami, ngozi, dawa. Akizidisha kusubiri anapata harufu ya jasho na soksi.

Mfano ulio wazi ni Caol Ila na Lagavulin. Vyote viko Islay, vyote kimea chake ni cha takriban ppm 35 kutoka kiwanda cha kimea cha Port Ellen. Ukizionja pamoja hutaamini. Caol Ila ina mitungi mikubwa inayojazwa kidogo kulinganisha na ukubwa wake, kwa hiyo mvuke unakutana na shaba nyingi, shaba inanyonya uzito, na moyo unakatwa mapema. Matokeo yake ni mafuta mepesi, ndimu, moshi kama wa jirani. Lagavulin mitungi yake ni minene, hujazwa karibu pomoni, hukenekwa polepole na kukatwa kwa kuchelewa. Ukiongeza miaka 16 na baadhi ya mapipa yaliyowahi kubeba sheri, mvinyo wa Hispania, unapata chai nyeusi, zabibu kavu na moshi mzito wa chini chini. Namba ni ileile 35.

Laphroaig nayo ina kituko chake: kichwa wanakitenga muda mrefu, kama dakika 45. Harufu tamu za matunda zinakuja mwanzoni, kwa hiyo zinakwenda na kichwa. Kinachobaki ndiyo ile bandeji na mwani. Ardbeg ana kimea kizito zaidi ila shingoni mwa mtungi wa pili kuna bomba linalorudisha mvuke mzito ndani ukakenekwe tena, ndiyo maana chini ya masizi yote yale unakuta ndimu na nanasi.

Octomore ni moshi mwingi, sikatai. Lakini mara tano ya Ardbeg? Kalale.

RusiziNgambo

Naongeza kwenye piti. Kwetu Rwanda inaitwa nyiramugengeri, na siyo kitu cha kufikirika: mitambo ya umeme ya Gishoma na Gisagara ilijengwa kuchoma hiyohiyo. Upande wa Kongo, bonde la Cuvette Centrale limebeba moja ya akiba kubwa za piti za nchi za joto duniani, lenye kaboni inayokadiriwa tani bilioni 30.

Ila usichukue ya Gishoma ukadhani utafukiza Lagavulin. Moshi unafuata mmea uliooza. Piti ya mabonde yetu ina mafunjo na majani. Ya Islay husemwa ina kuvumwani kwa wingi, na kuvumwani haina lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu, kwa hiyo ikiungua inatoa zaidi fenoli za harufu ya dawa. Piti ya Scotland bara ina vijiti na mizizi mingi zaidi, moshi wake uko karibu na wa kuni. Hii ndiyo sababu wiski ya moshi ya bara na ya Islay hazifanani hata ppm zikilingana.

BatiMoja

Duh. Kwa hiyo "moshi" si neno moja.

Kibuyu254

Hasa. Na sisi tuna maneno ya kutosha, shida tunaiga maelezo ya nyuma ya chupa yanayozungumzia mimea ambayo hatujawahi kuinusa. Tumia pua uliyokuja nayo.

Moshi mtamu, wa kuni nzuri, kama kibuyu cha mursik (maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin) kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet: hiyo kwa sehemu kubwa ni guaiakoli, moja ya hizo fenoli. Utaipata Bowmore na Caol Ila.

Bandeji, tincha ya ayodini, korido ya zahanati: kresoli na ndugu zake. Dettol yenyewe kiungo chake cha kazi ni mtoto wa ukoo huohuo wa fenoli, kwa hiyo anayesema Laphroaig inanuka Dettol hajakosea wala hajaitukana.

Lami ya barabara ikiwa bado ya moto, au ndani ya bomba la moshi: Ardbeg.

Mwani unaokauka juani pale Paje au Jambiani, na ngalawa iliyopandishwa mchangani: Laphroaig na Talisker. Talisker ni ya kisiwa cha Skye, siyo Islay, moshi wake ni wa wastani na una pilipili manga mwishoni.

Sangara au migebuka ya kukaushwa kwa moshi: Kilchoman changa na Lagavulin ya miaka 8.

Jiulize na hili, linasaidia kuliko kamusi yoyote: moto huo unawaka, umemwagiwa maji sasa hivi, au ni majivu ya jana? Caol Ila kwangu ni moto unaowaka ufukweni. Lagavulin 16 ni jiko lililozimwa usiku, makaa bado ya uvuguvugu. Laphroaig 10 ni majivu yaliyolowa. Ukishaweza kujibu hilo, umeanza kuonja.

TotiMbili

Sawa, turudi kwenye maji. Mimi naona ni dhambi. Kiwanda kimeshapunguza hadi 40 au 43, unaongeza ya nini tena?

KimeaMkavu

@TotiMbili hoja yako ina nusu ya ukweli. Chupa ya asilimia 40 ukiimwagia maji ovyo unaiua, inakuwa maji ya majivu. Lakini chupa ya 46 kwenda juu bila maji kuna vitu hutavipata.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, waliiga kwa kompyuta mwenendo wa guaiakoli kwenye mchanganyiko wa maji na alkoholi. Alkoholi ikiwa asilimia 45 au chini, guaiakoli hukaa juu, pale kimiminika kinapokutana na hewa, yaani mbele ya pua yako. Ikipita 59, huzingirwa na alkoholi na kuzama katikati. Kumbuka ilikuwa hesabu ya kompyuta, siyo glasi ya kweli, lakini inaoana na kinachosikika puani.

Hesabu ni nyepesi. Chukua kipimo chako, zidisha kwa nguvu ya chupa, gawanya kwa nguvu unayoitaka, toa kipimo ulichoanza nacho. Jibu ni mililita za maji.

Ardbeg Uigeadail ni 54.2. Una mililita 25, unataka 46: 25 × 54.2 ÷ 46 = 29.5. Ongeza 4.5, pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Ardbeg 10 ni 46. Kuishusha hadi 40 inahitaji takriban 3.8. Lagavulin 16 ni 43. Hadi 40 ni chini ya mililita 2.

Usimwage yote kwa mara moja. Nunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, bila sindano, ni bei ya kutupa. Tia nusu mililita, zungusha glasi, subiri dakika mbili, nusa. Rudia. Kuna mahali wiski inafunguka ghafla, matunda yanatoka. Ukipita hapo inalegea na hairudi. Andika kiasi ulichofikia maana chupa ileile kesho itataka karibu hichohicho. Kwa chupa za 40, kama Laphroaig 10 inayouzwa Uingereza na Bowmore 12, ishia mililita moja. Ya Laphroaig inayokwenda Marekani ni 43, soma lebo.

TotiMbili

Nimekuelewa. Dhambi ndogo basi.

MwaniMkavu

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Hamjasema maji gani, na huko ndiko mambo yanakoharibika zaidi kwetu huku pwani.

Maji ya bomba yenye klorini msiyatie. Klorini ikikutana na fenoli hutengeneza klorofenoli, na pua huzisikia kwa kiasi kidogo mno. Utapata harufu ya plastiki na dawa ya hospitali, halafu utailaumu Laphroaig. Kuyachemsha kunasaidia, lakini maji ya kisima yana chumvi zake, na chumvi inakanyaga utamu. Tafuteni maji ya chupa, someni lebo, chagueni yenye madini machache kabisa.

Glasi hivyohivyo. Iliyooshwa kwa Jik imeshaharibika kabla hujamimina. Osheni kwa maji ya moto na tone la sabuni isiyo na manukato, suuzeni mara tatu, ziacheni zikauke zenyewe. Kitambaa cha jikoni kinaacha harufu ya vitunguu. Wala msizihifadhi zimepinduliwa kabatini, zinafungia ndani harufu ya mbao na rangi. Kabla ya kumimina, nuseni glasi tupu. Ikiwa na harufu yoyote, rudini bombani.

Na joto. Kuonja kunataka nyuzi 18 hadi 20. Sebule ya Tanga mchana ni 31, alkoholi inaruka kabla ya kitu kingine na kuchoma pua. Barafu siyo jibu: inaziba harufu na inaongeza maji usiyoyahesabu. Kalisheni glasi kwenye bakuli la maji baridi dakika 5, au wekeni chupa rafu ya chini ya friji robo saa tu. Tena udi na ubani visiwashwe chumba hicho siku hiyo. Nyumba ikishafukizwa, pua imeshatekwa.

BatiMoja

Hii ya udi sikuwahi kuifikiria! Nikitaka kupanga meza ya watu wanne, tuanze na zipi?

PipaTupu

Panga kwa moshi na kwa nguvu, kutoka mwepesi kwenda mzito, na usizidishe glasi nne. Mililita 15 kila moja zinatosha, jumla 60 kwa kila mtu, na funguo za gari zikae kwa asiyekunywa.

Kwa wanaoanza ningeweka Johnnie Walker Black mbele. Ni blendi (mchanganyiko wa wiski za viwanda kadhaa), sawa, lakini Caol Ila imo ndani yake, ipo kila kona ya Nairobi na Dar, na inampa mtu kipimo anachokijua. Kisha Bowmore 12 (kimea ppm 25 hivi, nguvu 40). Kisha Caol Ila 12 (35, nguvu 43). Mwisho Laphroaig 10 au Ardbeg 10, moja tu, siyo zote mbili. Ardbeg ni 46 na moshi wake unabaki ulimini. Chochote kitakachofuata kitaonja Ardbeg.

Ukimaliza, rudi kwenye ile Black. Utaona moshi umepotea kabisa, imebaki karameli na vanila. Hilo ni somo la mpangilio kwa vitendo, lisiloelezeka kwa maneno.

Chakula kije baada ya raundi ya kwanza, si kabla. Pweza wa kuchoma bila pilipili na Talisker wanakwenda vizuri sana, chaza pia. Chokoleti nyeusi na Lagavulin. Nyama choma siipendekezi, moshi juu ya moshi unafutana. Pilipili mbuzi na tangawizi ndiyo mwisho wa jioni.

Kibuyu254

Napingana kidogo na mzee PipaTupu. Nyama choma na Ardbeg ni sawa, mradi nyama isiwe na masala. Chumvi tu.

PipaTupu

@Kibuyu254 tutakubaliana kutokubaliana, wewe ni mtu wa mbuzi.

TotiMbili

Kuna jambo la chupa kukaa. Laphroaig ikibaki robo kwa miezi mingi inapoa, moshi unakuwa bapa. Tatizo ni nini?

KimeaMkavu

Hewa, mkuu. Chupa ikishuka chini ya theluthi, hewa iliyo ndani ni nyingi kuliko wiski, na kila ukifungua unaingiza mpya. Harufu nyepesi zinatoroka, nyingine zinabadilika. Hamishia kwenye chupa ndogo ya kioo ya mililita 200 au 100, ijae hadi shingoni, kifuniko cha kuzungusha. Plastiki usiguse.

Chupa isimame wima. Mvinyo hulazwa, wiski hailazwi: alkoholi inakula koki (kizibo), inapukutika na kuacha ladha ya kadibodi. Mara moja kwa miezi kadhaa ipindue sekunde chache koki ilowe, basi. Kwenye joto letu koki hukauka na kukatika upesi, kwa hiyo usitupe koki nzima za chupa zilizoisha, ni vipuri. Ikikatika, chuja kwa kichujio cha karatasi ya kahawa kilichosuuzwa kwanza kwa maji ya moto. Na jua lisiifikie.

Ya kununua: kagua stempu ya ushuru. Kwa programu za simu, Tanzania kuna Hakiki Stempu, Kenya kuna Soma Label, skani kabla ya kulipa. Halafu itikise. Wiski ya 46 ina mapovu yanayokaa sekunde kadhaa. Yakipotea palepale kama soda, rudisha. Si kipimo cha mahakamani, ila kinaokoa.

RusiziNgambo

Wiski yangu ya 46 ikipata maji baridi inafanya ukungu. Ni feki?

KimeaMkavu

Kinyume chake. Haikuchujwa kwa baridi, mafuta yake bado yamo. Ikishuka chini ya 46 au ikipoa sana, mafuta hayo hujitenga na kuonekana kama ukungu. Ladha haijaguswa. Ardbeg 10 inafanya hivyo mara nyingi.

MwaniMkavu

La mwisho kwangu. Mkimaliza, msioshe glasi usiku ule. Alkoholi itaruka yote, fenoli nzito zitabaki zimeshika kioo. Asubuhi kabla ya chai inueni glasi kavu mnuse tumboni mwake. Mtakuta moshi mtupu usio na ukali: Caol Ila itaacha kama karatasi iliyoungua pembeni, Lagavulin tumbaku na sukari guru, Laphroaig chumvi na majivu.

BatiMoja

Na ikiwa haina kitu asubuhi?

MwaniMkavu

Basi ama kuna aliyeiosha, ama ulichokunywa hakikuwa cha moshi. Skani stempu.